Madam na Vitenzi Vishirikishi

Mpaka leo sijui kama Madam alikuwa mwalimu mzuri. Watu huniuliza, kwa sababu mimi mwenyewe nafundisha Kiingereza katika shule ya msingi hapa Ngara mjini, na wanadhani mwalimu huzaliwa na mwalimu. Najibu haraka kwamba alikuwa mzuri sana. Kisha nikiwa peke yangu naanza kukumbuka, na jibu linanichanganya.

Alitufundisha kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, katika sekondari ya kata kule Runazi, wilaya ya Biharamulo. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini hakuna aliyelitumia. Walimu wengine wa kike walikuwa Madam fulani na Madam fulani. Yeye alikuwa Madam tu.

Siku ya kwanza aliingia, akafuta ubao uliokuwa tayari umefutwa, akaandika "am", "is", "are". Akageuka. "Haya maneno madogo," akasema, "ndiyo yatakayowasumbua. Maneno makubwa mtayakariri. Haya hayakaririki."

Mimi nyumbani tulisema Kisubi. Kiswahili nilikikuta shuleni, na nilipofika sekondari ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kukizoea. Sasa naambiwa vitu vyote nilivyokuwa navyo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza sina. Tulipewa kazi ya kuandika sentensi tano kuhusu hali zetu, nikaandika "I have hungry", kwa sababu kwa Kiswahili nina njaa, nina baridi, nina furaha, na "nina" ni "I have", tulifundishwa hivyo wiki iliyotangulia. Madam akaniita mbele.

"Una nini?"

"Nina njaa, Madam."

"Kwa Kiingereza huna njaa. Wewe mwenyewe ndiye..." Akasita, akaangalia dirishani. "Njaa siyo kitu ulichokibeba. Ni hali yako. Hiyo 'am' ndiyo inakuunganisha na hali yako. Kama vile 'ni'. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Ilikuwa karibu saa saba na sijala kitu tangu asubuhi. Akafungua droo ya meza, akatoa ndizi mbili mbivu, akaniwekea juu ya daftari. "Kula hizo, kisha uandike upya." Nikala, nikaandika "I am hungry" nikiwa nimeshiba, akaniwekea alama ya vema.

Ndizi hizo alizitoa kwao Kirushya, upande wa Ngara. Kila likizo ikiisha alirudi na mkungu mzima juu ya basi, kwa sababu hakuziamini ndizi za Runazi. Sisi wa Runazi alituheshimu kwa mahindi na mihogo, lakini ndizi zetu alizila kama mtu anayekunywa dawa. Alipanga chumba nyuma ya duka la mzee mmoja Mwislamu, na mzee huyo alikuwa akimtania kwamba mwalimu wa Kikatoliki ndiye mpangaji pekee anayemwamsha mapema kuliko adhana ya alfajiri. Ni kweli alikuwa akiimba nyimbo za kanisani akifagia uwanja. Aliomba kwa Kihangaza cha kwao, alinunua vitu kwa Kiswahili, na aligomba kwa Kiingereza. Ukimsikia anasema Kiingereza nje ya darasa, ujue kuna mtu yuko matatani.

Tatizo lilikuwa moja. Madam, kama wengi wetu huku, ulimi wake ulichanganya l na r. Vitenzi vishirikishi, vile ambavyo Waingereza huviita "linking verbs", yeye aliviita "rinking velbs". Basi nusu ya darasa tukaandika "rinking velbs" kwenye madaftari. Alipokusanya na kusahihisha alikasirika mpaka chaki ikakatika. Mvulana mmoja wa nyuma, Datiusi, akajitetea kwamba ameandika alichosikia.

"Andikeni ninachoandika," Madam akasema. "Msiandike ninachosema."

Hakucheka, na sisi hatukuthubutu. Lakini alilirudia agizo hilo mara nyingi miaka ile. Miaka mingi baadaye nililitumia mbele ya wanafunzi wangu, wakaniangalia bila kuelewa, nami nikatambua kwamba sikuwa na uhakika nilikuwa namaanisha nini.

Njia yake ya kufundisha vitenzi vile ilikuwa kuhesabu watu. Alimsimamisha Adelina, msichana niliyekaa naye dawati moja, akaandika ubaoni: "Adelina became a nurse." Yaani Adelina akawa nesi. Chini yake akaandika: "Adelina called a nurse." Adelina alimwita nesi. "Hesabuni watu," akasema. "Sentensi ya kwanza wako wangapi?"

"Mmoja," tukajibu. Adelina ndiye nesi.

"Ya pili?"

"Wawili."

"Mkipata mtu mmoja pande zote mbili, kitenzi kinaunganisha. Mkipata wawili, kitenzi kinatenda."

Nililala nikiwa nimefurahi siku hiyo, nikidhani hatimaye nimeshika kitu. Kesho yake nikanyoosha mkono. "Madam, je, mtu akijikata? 'He cut himself.' Hapo mtu ni mmoja."

Alisimama na chaki mkononi muda mrefu hata tukaanza kutazamana. "Kaa chini," akasema, akaendelea na kitu kingine. Nilidhani nimemuudhi. Siku tatu baadaye, wakati wa somo la habari tofauti kabisa, akasimama katikati ya sentensi na kuniambia: "Yule anayejikata. Mmoja anakata, mwingine anakatwa. Bahati mbaya ni mtu yule yule. Kwa hiyo hesabu wawili." Nikahesabu wawili. Sijaelewa mpaka leo, lakini nawafundisha hivyo hivyo, na wanafaulu.

Kuna siku bibi yangu alifariki, na Madam alikuja msibani. Hakuja kama mwalimu. Alivaa kitenge, akakaa chini mkekani na kina mama, akamenya mihogo. Baba yangu mdogo, aliyekuwa amekunywa kidogo, akasikia kwamba huyo ndiye mwalimu wa Kiingereza. Akaja kusimama mbele yake, akavua kofia, akasema kwa sauti kubwa, "Madam, I am very sorry. My mother is die."

Mimi nikainamisha uso. Kwenye madaftari yetu "is die" ilikuwa ikikatwa kwa mistari miwili mizito. Madam akaweka kisu chini. Akamshika baba mdogo mkono kwa mikono yake miwili.

"Yes," akasema taratibu. "She is die."

Baba mdogo akaanza kulia, yeye ambaye hakuwa amelia tangu asubuhi. Jumatatu iliyofuata Madam alinikata maksi mbili kwa kosa hilo hilo. Nikabaki nikiangalia daftari na kushindwa kujua nikasirike au nimshukuru.

Nimeeleza hayo ili nikifika kwa hili la Adelina, msije mkadhani Madam alikuwa mtu wa roho mbaya. Hakuwa. Ndiyo sababu bado linanisumbua.

Tulikuwa kidato cha nne. Madam alijua vizuri "be" na "become", lakini vitenzi vya kunusa, kuonja na kutazama aliviweka pamoja na kukata na kuita. Alisema hivyo ni vitendo, na kitendo kinataka kielezi. Kwa hiyo kwa Kiingereza chetu supu ilikuwa "tastes sweetly", bibi harusi "looks beautifully", na ukitaka kusema maharage yananuka vibaya, unasema "The beans smell badly". Sentensi hiyo ndiyo aliyoiandika ubaoni.

Adelina akanyoosha mkono. Alikuwa amesoma mahali fulani, kwenye kitabu cha zamani cha parokia, akaona ni "smell bad". Angeishia hapo, labda yasingetokea yaliyotokea. Lakini Adelina alikuwa na tabia ya kufuata wazo lake mpaka mwisho.

"Madam, tukisema 'badly', si ni kama tunasema maharage yenyewe yananusa, na yananusa vibaya? Maharage hayana pua."

Darasa lilicheka. Nilicheka na mimi, nusu kwa sababu ilichekesha, nusu kwa sababu wenzangu walicheka. Madam akadhani anachekwa yeye. Uso wake ukabadilika, akaanza kusema kwa Kiingereza.

"Nani mwingine anaona kama Adelina?" akauliza mwishoni, kwa Kiswahili.

Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimeanza kuona. Maharage hayana pua, ni kweli hayana. Lakini kanuni ilikuwa ubaoni, kwa mwandiko wa Madam, na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikanyamaza. Wote tulinyamaza.

Adelina aliambiwa atoke nje, na kwamba atarudi darasani siku atakapoomba radhi na kukubali kosa. Akatoka. Kipindi kilichofuata cha Kiingereza alitoka mwenyewe kabla ya kuambiwa. Alisimama chini ya dirisha kwa wiki mbili, tukiona utosi wake tu. Siku moja mvua ya mawe ilinyesha, na hakusogea. Baadaye akaacha kuja shule siku za Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Alitaka kuwa nesi kweli. Ule mfano wa Madam haukuwa wa kubuni. Akabaki Runazi.

Mimi nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Ngara. Nikawafundisha watoto wa watu kwamba supu "tastes sweetly" kwa miaka minne bila mtu kunipinga. Madam naye alihamia shule ya huku Ngara karibu na kwao. Tulikutana mara chache sokoni. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, basi.

Jumamosi moja asubuhi akabisha hodi kwangu. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kanisani. Alikataa chai.

"Juzi nilikuwa kwenye semina Biharamulo," akasema. "Kijana mmoja anatufundisha, angeweza kuwa mwanangu. Akaandika 'The food tastes good.' Nikanyoosha mkono nimsahihishe. Alinieleza kwa adabu. Kwamba kuna vitenzi vina kazi mbili. Nikionja supu, natenda. Supu ikiwa tamu, haitendi kitu, ni tamu tu. Hapo kitenzi kinaunganisha. Akasema weka 'is' mahali pake. 'The food is good.' Maana imebaki. Basi ni kishirikishi."

Nikakaa. Nilikuwa naziona sura za wanafunzi wangu wa miaka yote ile minne.

"Madam, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nimekufundisha uongo, na wewe umeufundisha. Hilo lako utalishughulikia mwenyewe, darasa langu la sasa nimeshawaambia wafute. Nimekuja kwa jambo lingine. Adelina yuko wapi?"

Nilimwambia bado yuko Runazi, ana duka dogo na shamba la mahindi. Nilidhani angeomba namba ya simu. Akasema, "Vaa viatu."

Tulipanda basi, tukashuka barabarani, tukachukua bodaboda mbili. Njia nzima hakusema zaidi ya maneno kumi. Nilikuwa namtazama mbele yangu amekaa upande kwenye pikipiki, mkoba ameushika kwa mikono miwili, na nilishindwa kuelewa. Mtu hasafiri kutoka wilaya moja mpaka nyingine kwa ajili ya herufi mbili mwishoni mwa neno.

Adelina alikuwa akipanga sabuni kwenye rafu. Alitugeukia, akatufahamu mara moja.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Adelina."

Akatuletea benchi. Mimi nilikaa. Madam hakukaa.

"Unakumbuka sentensi ya maharage?"

"Naikumbuka."

"Ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea. Nimekuja kukuambia hivyo, mbele ya huyu, kwa kuwa alikuwepo."

Adelina alifuta mikono yake kwa kanga. "Nilijua, Madam."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Sasa kwa nini hukuomba radhi tu, ukarudi? Ningekurudisha siku hiyo hiyo. Nilikuwa nakusubiri. Kila kipindi nilikuwa nakusubiri."

"Ningekuwa nakubali kitu ambacho si kweli."

Mama mmoja akaja kununua chumvi, Adelina akampimia, akamuuliza habari za mgonjwa, akaagana naye. Kisha akarudi mahali pale pale alipokuwa amesimama.

"Madam, nimekusikia. Sasa niambie, huo usahihi niufanyie nini? Nina watoto watatu na duka. Nani atanirudishia ule mwaka?"

Nilitegemea Madam angesema jambo. Alikuwa na maneno kwa kila kitu. Akasema, "Sijui."

Adelina hakulia wala hakumkumbatia. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya mihogo ya kuchemsha na maharage, akatunawisha mikono. Tukala watatu pamoja. Tulizungumza juu ya mvua na bei ya mbolea. Tulipoaga, akatusindikiza mpaka barabarani, akasema, "Asante kwa kuja, Madam. Ungekuja mapema."

"Ndiyo," Madam akasema. "Ningekuja mapema."

Baada ya hapo alikwenda kwa wengine pia. Nilisikia alimfuata Datiusi mpaka mnadani ambako anauza ng'ombe, na Datiusi, aliyekuwa hajasema neno la Kiingereza tangu amalize shule, alidhani Madam amerukwa na akili. Huenda alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Mimi pia niliwaza hivyo mara moja au mbili. Wapo waliocheka, mmoja alimwambia asimpotezee muda. Yeye aliendelea tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akastaafu.

Mara ya mwisho nilimwona miezi michache iliyopita. Nilikwenda Kirushya kumsalimia nikiwa na daftari, maana nilikuwa na sentensi iliyonishinda. Nilimkuta amekaa barazani, amezeeka kuliko nilivyotarajia, sikio moja halisikii vizuri. Nikamsogelea upande wa sikio zima, nikamsomea: "He arrived tired." Alifika amechoka. "Arrive" ni kitendo, Madam. Lakini "tired" ni kivumishi. Mtu ni mmoja. Je, hiki ni kishirikishi au siyo?

Aliirudia sentensi ile mdomoni mara kadhaa. "Weka 'is'," akasema.

"'He is tired.' Inakubali. Lakini kule kufika kunapotea."

"Kunapotea," akakubali. Tukakaa hapo tukiiangalia sentensi. Mwishoni akafunga daftari na kunirudishia. "Sijui. Uliza kijana yeyote anayesoma siku hizi."

Kwa kuwa tulikuwa peke yetu, nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kuthubutu kumuuliza: alitegemea nini, kuzunguka kote kule? Adelina hakupata unesi wake. Datiusi hahitaji vielezi.

Badala ya kunijibu akaniuliza, "Darasani kwako, sasa hivi, nani yuko nje?"

Nikasema hakuna mtu, Madam, sisi siku hizi hatuwatoi watoto nje. Nilisema haraka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na mtoto mmoja wa darasa la sita, msichana mwenye kigugumizi, ambaye wiki iliyotangulia alibisha kanuni yangu ya "much" na "many". Sikumtoa nje. Nilimwambia tu akae, na tangu siku ile nilikuwa simchagui anaponyoosha mkono. Na siku mbili za mwisho alikuwa hanyooshi tena.

Madam hakuniuliza zaidi. Labda hakusikia nilivyonyamaza.

Jumatatu nilimwita yule msichana wakati wa mapumziko. Nikamwambia nataka anieleze tena kile alichokuwa anasema siku ile. Aliniangalia kama mtu anayetegewa mtego, akaangalia mlango, akaanza. Alikwama mara nyingi katika maneno, nami nikamwacha akwamuke mwenyewe. Alipomaliza sikuwa nimeelewa.

"Sijaelewa," nikamwambia. "Sema tena."

Akavuta kiti, akakaa, akaanza upya.